Mwanga Unaolipiwa na Mwanga Unaofika Mezani

Balbu inapowashwa kwa mara ya kwanza katika chumba kilichozoea kibatari, macho hushangilia kabla ya akili kuuliza lolote. Chumba kizima huonekana, moshi umekwisha, na hakuna tena hofu ya mtoto kupindua chupa ya mafuta ya taa. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, anayenunua umeme kwa fedha yake anapaswa kuuliza swali la pili: kati ya mwanga ninaoulipia, ni kiasi gani kinafika mahali kazi inapofanyika? Kinafika kwenye daftari la mwanafunzi, kwenye ungo wa mtama unaochambuliwa mawe, kwenye kitambaa kilicho chini ya sindano ya cherehani? Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Singida jibu ni la kusikitisha, na kosa haliko kwenye mita ya LUKU. Liko ukutani, liko kwenye kenchi, na liko katika kanuni chache za mwanga ambazo wengi tulizisoma shuleni tukaziacha hukohuko.

Somo hili linazirudia kanuni hizo kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili ya mtihani. Hesabu zilizomo ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu, nazo ni za kukadiria. Lakini zinatosha kumwonyesha mtumiaji mahali fedha yake inapopotelea.

Wati, lumeni na luksi

Dukani watu huomba taa kwa wati. Wati ni kipimo cha umeme ambao taa inakula, wala haikuambii taa hiyo inatoa nini. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya waya wenye kuwaka, ya wati 60, hutoa lumeni 700 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 iliyotengenezwa vizuri hutoa kama lumeni 800. Tofauti hiyo si ndogo kwa mwenye nyumba. Taa tano za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 45 kwa mwezi, ilhali taa tano za LED za wati 9 hula chini ya uniti 7 kwa muda huohuo. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, linaloitwa D1, ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi kabla ya bei ya kila uniti kupanda. Mwenye balbu za zamani humaliza zaidi ya nusu ya kiwango hicho kwa taa pekee, kabla ya kuwasha redio au kuchomeka pasi.

Kipimo cha tatu, kisichoandikwa kwenye boksi lolote, ndicho kinachogusa maisha zaidi. Kinaitwa luksi. Lumeni moja ikitandazwa sawasawa juu ya eneo la mita moja ya mraba, eneo hilo limepata luksi moja. Jua la saa sita mchana katika uwanda wa Singida huangusha kiasi cha luksi 100,000 juu ya ardhi. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata luksi moja. Kwa kusoma na kuandika, kiwango kinachotumika sana katika kupanga mwanga wa madarasa ni luksi 300.

Jicho ni shahidi asiyetegemewa katika jambo hili. Mboni hupanuka gizani na kufinyika penye mwanga, na sehemu ya ndani ya jicho nayo hujizoesha polepole, hivyo kwamba chumba chenye luksi 10 na chumba chenye luksi 100 vyote huonekana kuwa "vina mwanga" mtu akishakaa humo robo saa. Mwili ndio hulipa tofauti: kuinama sana juu ya daftari, kupepesa, kichwa kuuma, usingizi wa mapema. Mwanafunzi anayesinzia saa mbili usiku si lazima awe mvivu.

Umbali

Tuchukue sebule ya mfano katika kijiji cha Wilaya ya Ikungi: upana mita 3, urefu mita 4, kuta za matofali ya kuchoma yasiyopigwa plasta, juu hakuna dari. Balbu moja ya LED ya lumeni 800 imefungwa kwenye kenchi, mita 3 kutoka sakafuni. Meza ina kimo cha sentimita 75. Kwa hiyo kutoka balbu hadi juu ya meza kuna mita 2 na robo.

Mwanga unapoondoka kwenye taa hutawanyika kama mduara wa mpira unaovimba. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga uleule hulazimika kutandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Umbali ukiongezeka mara tatu, eneo huwa mara tisa. Ndiyo maana husemwa kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tukichukulia kwamba balbu yetu inasambaza mwanga sawa pande zote, daftari lililo moja kwa moja chini yake linapata kama luksi 13. Lakini meza ya kusomea mara nyingi haikai katikati ya sebule. Husukumwa pembeni ili watu wapite. Mita moja na nusu pembeni, umbali umeongezeka, na zaidi ya hayo mwanga sasa unaangukia daftari kwa mshazari, kama jua la jioni linavyoangukia ardhi kwa unyonge kuliko la mchana. Luksi zinashuka hadi 7.

Linganisha na kibatari. Mwali wake ni hafifu, labda lumeni 10 tu, lakini mtoto alikuwa akikiweka sentimita 30 kutoka kwenye daftari. Kwa umbali huo kibatari hutoa karibu luksi 9. Yaani familia imelipia kuunganishwa, imenunua waya, imemlipa fundi, inanunua uniti kila wiki, na daftari la mtoto bado linapata mwanga wa moja kwa moja usiozidi ule wa kibatari. Moshi umeondoka, na hilo peke yake ni faida kubwa kwa mapafu. Mwanga wa kusomea haujafika.

Singida ndiko njia mbili za umeme wa kilovoti 400 zinapokutana, ile ya kutoka Iringa hadi Shinyanga na ile inayoelekea Namanga na kuvuka kwenda Kenya. Umeme huo umesafiri mamia ya kilomita bila kumwangusha mtumiaji. Zinazomwangusha ni mita mbili na robo za mwisho.

Dawa haihitaji balbu kubwa zaidi. Balbu ileile ikishushwa kwa waya hadi mita moja juu ya meza, daftari linapata luksi 64 badala ya 13. Ikivalishwa kofia nyeupe inayorudisha chini ule mwanga uliokuwa unapanda kwenye kenchi, luksi hupita 100. Na kama familia ina uwezo wa kununua taa ya mezani, balbu ndogo ya wati 5 yenye lumeni 400, ndani ya kofia nyeupe na kwa kimo cha sentimita 40 juu ya daftari, hufikisha zile luksi 300 za darasa. Wati 5 karibu zinashinda wati 9 za mbali mara ishirini na zaidi.

Kwa wale wanaotumia sola, kanuni hii ina uzito maradufu, kwa kuwa betri ndogo haina cha kupoteza. Taa ya wati 3 iliyoning'inizwa chini, juu ya meza, hufanya kazi ambayo taa tatu za namna hiyo zilizofungwa kwenye kona za paa haziwezi kuifanya.

Tahadhari moja hapa. Kushusha taa ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Waya usiachwe ubebe uzito wa kofia kwa viungio vyake vya ndani. Lazima ushikizwe kwenye holda inavyotakiwa. Na kofia ya karatasi, kitambaa au kikapu isiwekwe kamwe juu ya balbu ya zamani ya waya wenye kuwaka, kwa sababu balbu hiyo hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto na inaweza kuwasha moto.

Kuta zinazomeza na kuta zinazorudisha

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mtaalamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu kirefu kuhusu mwanga na kuona, akaeleza kwamba jicho halitoi miale ya kwenda kushika vitu. Tunaona kwa sababu mwanga unaorudishwa na vitu unaingia machoni mwetu. Jambo hilo leo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua uzuri wa mwanga wa chumba. Ukuta usiorudisha mwanga ni kama haupo; balbu inauangazia bure.

Kila uso una sehemu ya mwanga inayourudisha na sehemu inayoumeza. Chokaa mpya nyeupe hurudisha takriban asilimia 80. Tofali la kuchoma na udongo wa kawaida hurudisha kama 20 hadi 30. Ukuta wa jikoni uliokolea masizi hurudisha kidogo mno, pengine asilimia 5. Sasa fikiria mwanga haugongi ukuta mara moja tu. Unarudishwa, unagonga ukuta wa pili, unarudishwa tena. Katika chumba chenye nyuso zinazorudisha wastani wa 20 kwa 100, lumeni 100 za kwanza zinafuatwa na 20, kisha 4, kisha chini ya 1. Jumla inakuwa 125, basi. Katika chumba chenye kuta nyeupe na dari nyeupe, hata ukihesabu sakafu ya saruji, makochi na mapazia, wastani unaweza kufika 50 kwa 100. Hapo lumeni 100 zinafuatwa na 50, kisha 25, kisha 12 na nusu, na kuendelea hadi jumla inakaribia 200. Balbu ni ileile, uniti ni zilezile.

Katika sebule yetu ya Ikungi, mwanga huu wa kurudirudi huongeza kama luksi 3 pale kuta zilipo za tofali tupu, na kama luksi 12 kuta na dari zikiwa nyeupe. Mtoto aliye pembeni, aliyekuwa na jumla ya luksi 10, anapata 19. Karibu maradufu, kwa mfuko wa chokaa na siku moja ya kazi. Ieleweke pia kwamba mwanga wa kurudirudi hutoka pande zote, hivyo hulainisha vivuli.

Wenye nyumba za tembe wanalijua tatizo hili kuliko mtu yeyote. Tembe ni nyumba yenye akili: paa lake bapa la udongo mzito huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, na kuta zake nene hukinga upepo wa uwanda wetu, ambao hauna mzaha. Lakini kwa mwanga, tembe ni shimo. Kuta za udongo, nguzo nyeusi, boriti zilizokolea moshi wa miaka, madirisha madogo. Si lazima kuibomoa ili kuiangaza. Kupaka chokaa sehemu ya juu ya kuta na uso wa chini wa boriti, na kuhamishia moto wa kupikia nje au kwenye jiko la kando ili masizi yasirudi, hubadilisha chumba kwa namna ambayo balbu ya pili haiwezi. Anayepaka chokaa akinge macho na mikono, maana chokaa mbichi huunguza, na macho yake ndiyo tunayoyapigania.

Rangi kali zinazopendwa sebuleni siku hizi, kama bluu ya bahari, kijani kibichi au maruni, zina gharama yake. Si kosa kuzipenda. Mwenye nyumba anaweza kupaka rangi anayoipenda sehemu ya chini ya ukuta, ambayo hata hivyo huchafuliwa na mikono ya watoto, na kuacha sehemu ya juu na dari ziwe nyeupe, maana huko ndiko mwanga mwingi hupiga.

Swali hujitokeza kuhusu bati. Je, bati jipya linalong'aa halirudishi mwanga? Linarudisha, lakini kwa namna ya kioo cha kujitazamia. Uso laini unaong'aa hurudisha mwanga upande mmoja tu, kwa pembe sawa na ile ulioingia nayo. Uso mweupe usiong'aa huutawanya pande zote. Kwa hiyo bati hutupa vimulimuli huku na kule na kuacha sehemu nyingine gizani, na likishaota kutu halirudishi hata hicho kidogo. Dari nyeupe isiyong'aa, iwe ya mbao nyembamba, jipsamu au hata magunia safi ya unga yaliyoshonwa na kupakwa chokaa mbali na joto la taa, hufanya kazi bora zaidi.

Kivuli na mng'ao

Mwanga wa kutosha ukitoka upande mbaya haumsaidii mtu. Anayeandika kwa mkono wa kulia aweke taa kushoto kwake, na wa kushoto aiweke kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie maneno anayoyaandika. Jikoni, taa iliyo katikati ya chumba humfanya mpishi asimame kati yake na sufuria, na hivyo anapika ndani ya kivuli chake mwenyewe. Taa iwe juu ya meko au upande wa mbele yake. Kwenye kioo cha kunyolea, taa mbili ndogo kulia na kushoto hushinda moja kubwa iliyo juu ya kichwa, ambayo hufanya macho yaonekane kama mashimo.

Balbu tupu inayotazamana na macho ni adui mwingine. Mboni hujifinya kwa ajili ya balbu, kisha humwacha mtu bila mwanga wa kutosha kwa ajili ya daftari. Wengi hudhani tatizo ni uchache wa mwanga, wakanunua balbu kali zaidi, na mambo yakazidi kuharibika. Kofia iwe na kina cha kutosha kuificha balbu isionekane na mtu aliyeketi.

Mng'ao wa karatasi nao una kanuni yake. Kitabu chenye karatasi za kung'aa, au meza iliyopakwa vanishi, hurudisha sura ya taa moja kwa moja machoni pale taa inapokuwa mbele ya msomaji. Weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya meza mahali daftari linapokaa, kisha keti. Ukiiona taa ndani ya kioo, ihamishe hadi usiione. Njia hiyohiyo hutumika kutafuta mahali pa televisheni.

Mwanga wa bure

Mwanga wa mchana haupiti kwenye mita, na Singida ina jua la kutosha. Lakini liingizwe kwa kujua njia yake. Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Mwezi Juni huinamia kaskazini, na Desemba huinamia kusini, lakini katika misimu yote miwili liko juu sana adhuhuri. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hukingwa na ukingo wa paa wa kawaida: linapokea mwanga laini wa anga na kuacha jua kali nje. Dirisha la mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini asubuhi au jioni, mwaka mzima, na hakuna ukingo wa paa unaolizuia. Anayejenga upya afikirie hili kabla ya kuchimba msingi, maana baada ya hapo atakuwa anatumia mapazia kuziba dirisha alilolilipia.

Kimo cha dirisha kina maana kuliko upana wake. Mwanga wa kufaa huingia ndani ya chumba kwa kina cha takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Dirisha lililoinuliwa karibu na dari huangaza nyuma ya chumba. Lile pana lakini la chini huangaza sakafu iliyo karibu nalo. Pale ukuta ulipo mnene, kama wa tembe au wa tofali za udongo, unene wenyewe hufanya dirisha liwe kama bomba. Kingo za ndani zikichongwa kwa mshazari, zikapanuka kuelekea chumbani na kupakwa nyeupe, dirisha dogo hutenda kama kubwa, bila kulegeza ukuta wala kumkaribisha mwizi.

Katika nyumba ya bati ambayo haiwezi kuongezwa dirisha, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga hufanya kazi kubwa, ingawa huingiza na joto; lisiwekwe juu ya kitanda. Njia ya bei nafuu zaidi ni chupa ya plastiki iliyo wazi, iliyojazwa maji na dawa kidogo ya kuua ukungu, ikapachikwa kwenye tundu la bati, nusu yake nje na nusu ndani. Njia hii ilianzishwa nchini Brazili mwaka 2002 na fundi makenika Alfredo Moser, ikaenea hadi Ufilipino na nchi nyingine. Bila maji, jua lingepita kwenye tundu na kuchora doa moja kali sakafuni. Maji huipindisha miale inapoingia na inapotoka, na mwanga hutawanyika chumbani kama wa balbu ya wati 40 hadi 60 ya zamani wakati jua likiwa kali. Usiku haifanyi lolote. Tundu lizibwe vizuri kabla ya mvua za Desemba, na kazi hii isifanywe kwenye paa la asbesto, maana vumbi lake ni hatari.

Tukitaja vumbi: kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la uwanda huu huingia kila mahali, na hukaa juu ya balbu, kofia na vioo vya madirisha. Kitambaa chenye unyevu mara moja kwa mwezi, taa ikiwa imezimwa na kupoa, hurudisha mwanga ambao wengi hudhani umepungua kwa sababu ya balbu kuzeeka.

Ukiwa dukani

Sasa mtumiaji anaweza kusimama mbele ya kaunta akiwa na maswali sahihi. Soma boksi, utafute lumeni kwanza. Gawanya lumeni kwa wati: balbu ya LED inayotoa chini ya lumeni 70 kwa kila wati haistahili sifa ya kubana matumizi. Boksi lisilotaja lumeni kabisa, au linaloandika kwa herufi kubwa kwamba wati 9 ni "sawa na wati 150", liachwe palepale.

Angalia pia rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa Kelvini. Kiasi cha 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano tulivu, wa chumba cha kulala. 4,000 ni mweupe wa wastani. 6,500 ni mweupe unaoelekea bluu. Watu wengi huamini huu wa mwisho ndio wenye nguvu zaidi. Si kweli: lumeni 800 ni lumeni 800 kwa rangi yoyote. Kipimo kingine, Ra, hueleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu, na 100 ndicho kilele. Nyumbani inatosha 80. Kwa muuza vitenge, au kwa anayenunua kuku wa kienyeji jioni na anataka kuona kishungi na macho yake vizuri kabla ya kutoa fedha, taa yenye Ra ndogo ni mshirika wa muuzaji.

Hakikisha volti zilizoandikwa zinalingana na umeme wetu wa volti 230, kwa mfano 220 hadi 240, na utafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Omba balbu iwashwe mbele yako. Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga wake: mistari myeusi inayotembea kwenye kioo cha simu mara nyingi ni dalili kwamba taa inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kichwa kinaweza kuihisi. Kama simu yako ina programu ya kupima luksi, itumie nyumbani kulinganisha kabla na baada ya kuhamisha taa au kupaka ukuta. Namba zake si za maabara, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali zinafaa.

Dai risiti na uitunze pamoja na boksi, kwa sababu ahadi ya miaka miwili iliyoandikwa kwenye boksi haina nguvu bila tarehe ya ununuzi. Balbu ikifa kabla ya muda wake, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Akikataa kuibadilisha, malalamiko kuhusu bidhaa bandia au udanganyifu wa mfanyabiashara hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Yanayohusu ubora wa bidhaa chini ya kiwango hupelekwa TBS. Tatizo likiwa ni la umeme wenyewe, kama vile volti zinazopanda na kushuka hadi balbu zinaungua mfululizo, taarifa iandikwe TANESCO, na ukumbuke kuchukua namba ya taarifa hiyo. Usiporidhika, EWURA ndiyo inayosikiliza shauri, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kumsaidia mtumiaji kuliandaa.